Kikwembe cha Kahindo

Ushindi alikuwa na miaka minne, na tangu jana viganja vyake vilikuwa vimekuwa vyeupe na pumzi zake zinakimbizana. Mama yake, Émérance, mtu wa Masisi aliyepitia kambi ya Kanyaruchinya kabla ya kupata chumba cha mbao hapa Goma, alijua maana yake. Malaria ilikuwa imemaliza damu ya mtoto. Kwenye kituo cha afya cha barabara kuu palikuwa na shirika lililowatibu bure wasio na kitu, hata damu walitoa. Ilibaki kufika tu.

Lakini kwetu mwanamke hafiki tu hospitalini. Ukienda na matambara, wauguzi watakupita kama hawakuoni. Kwa hiyo ua mzima wa majirani ulisimama. Kahindo, muuza unga wa muhogo, alifungua sanduku akatoa kikwembe, kitenge chake cha harusi, ambacho hata kanisani hukivaa kwa kuchagua Jumapili. Mukamugema alileta viatu na hereni.

"Vaa, Mama Ushindi," Kahindo alisema. "Bakuone kama mutu."

Walimpenda, na hilo ndilo linaloniuma.

Mlangoni alikuwepo Rodrigue, kijana wa shirika, aliyepewa kazi ya kutenga maskini na wasio maskini. Wafanyabiashara walikwisha kumdanganya kuwa ni maskini, mkubwa wake akamkaripia mbele ya watu. Tangu siku hiyo alitazama nguo kwanza, na mara nyingi aliishia hapo hapo.

"Mama, na kikwembe kama hii unatafuta gratuit, ya bure? Kwenda kwa caisse."

"Papa, ni ya kuazima. Mutoto iko anakufa."

"Bote banasema ni ya kuazima."

Kwenye caisse, dirisha la malipo, walitaka dhamana kabla ya damu, naye hakuwa hata na nauli ya kurudia. Alizunguka nyuma ya vyoo, akavua kitenge, viatu na hereni, akabaki na sketi ya ndani iliyochanika. Alimfunika mtoto kwa kitenge kile kile, akambeba mgongoni, akarudi mlangoni pekupeku.

Rodrigue alicheka. "Ni sasa hivi tu ulikuwa mama mukubwa, umeshakuwa maskini?"

Waliokaa kwenye benchi, maskini wenzake, nao walicheka. Anayeweza kuwasamehe awasamehe, mimi siwezi.

Émérance aliomba simu ya mtu, akampigia Kahindo aje aseme kitenge ni cha nani. Kahindo aliacha unga wake sokoni bila mlinzi. Ila alipita nyumbani kwanza, akaoga, akavaa kitenge chake cha pili na kilemba, akashika mkoba. Utamteteaje mtu mbele ya wakubwa ukiwa na unga mpaka kwenye nyusi?

"Papa, ile kikwembe ni yangu," alimwambia Rodrigue. "Huyu mama hana kitu hata kidogo."

Rodrigue alimpima kuanzia kilemba mpaka viatu.

"Basi wewe uko na kitu. Umulipie." Akageukia anayefuata.

Kahindo alimwaga fedha zote za mkoba mbele ya dirisha la caisse. Hazikufika hata nusu. Alikuwa bado anambembeleza yule wa dirishani, Émérance aliposhtuka: ile pumzi iliyokuwa ikimpiga shingoni tangu asubuhi haikuwepo tena. Alimfungua mtoto, akamtazama, akapiga kelele. Hapo ndipo wauguzi walipotoka mbio.

Kesho yake ua ulileta tena nguo, mara hii nyeusi, ili aende kuchukua maiti kwa heshima. Émérance alizisukuma.

"Nitakwenda vile niko."

Alikwenda na gauni lake la kambini lenye mkono mmoja uliong'oka, miguu mitupu imejaa vumbi jeusi la volkano. Rodrigue alimwona kutoka mbali, na uso wake ukalegea kwa huruma ya kweli. Hakumtambua, maana jana hakuutazama uso wake hata mara moja. Alimshika mkono, akampitisha mbele ya foleni nzima.

"Karibu, mama, usiogope. Kwako wewe ni gratuit," alisema kwa upole. "Mugonjwa iko wapi?"