Kiti cha Safu ya Nane

Mwalimu wa kemia alipanda juu ya kigoda, misumari mdomoni, akatundika jedwali la elementi kwenye ukuta wa sebule, pale rangi ilipobanduka kwa unyevu. Shule ilikuwa imenunua jedwali jipya. Hili kuukuu, lenye pembe zilizotafunwa na panya, mkuu wa shule alimwambia alichukue akafungie vitu. Mkewe, fundi cherehani, alimwomba asigonge kwa nguvu, maana ukuta ule ulikuwa wa kubembelezwa.

Kufikia alasiri viti vilikuwa vimejipanga vyenyewe. Cherehani na kiti chake vilihamia dirishani, upande wa kushoto kabisa. Kiti cha mwalimu kilijisogeza mpaka ukuta wa kulia, karibu na mlango. Katikati vilisimama vigoda, stuli na ndoo iliyofunikwa, safu nane kama zilivyochorwa kwenye jedwali. Dada yake mwalimu, aliyekuwa akiishi nao, alitazama sakafu akasema afadhali, sasa kupiga deki kutakuwa rahisi.

Ilijulikana upesi kwamba kila mtu alikuwa na safu yake. Aliyekaa pasipo pake alijikuta kwake kabla chai haijapoa. Mwalimu alieleza, na kueleza alikupenda. Elementi hazipangwi kwa uzuri wala kwa cheo, alisema, zinapangwa kwa namba ya atomu na tabia, iliyo nzito chini ya iliyo nyepesi, na zilizo safu moja hufanana tabia kama watoto wa tumbo moja. Za safu ya kwanza ni laini, zina elektroni moja ya ziada, na hazitulii mpaka ziitoe. Za safu ya saba zimepungukiwa elektroni moja, nazo huitafuta kwa udi na uvumba. Za safu ya nane zimetimia. Haziombi, hazitoi, haziungani na yeyote.

Mkewe alikuwa wa safu ya kwanza. Mwalimu alikuwa wa nane, na dada yake, aliyemzidi uzito, alikaa nyuma yake kama utaratibu ulivyotaka.

“Ukoo wetu ndivyo ulivyo,” dada mtu alisema akinyoosha miguu. “Hatujawahi kubisha mlango wa mtu kuomba hata kiberiti.”

Mwalimu alifurahi, lakini furaha yake ilikuwa na mwiba, na mwiba huo uliitwa Grisi. Hilo lilikuwa jina la utani la fundi wa mashine aliyeitengeneza cherehani ya mkewe, mtu ambaye vidole vyake havikuwahi kutakata. Cherehani ile ilikuwa ikiharibika mara kwa mara, mara nyingi mno kwa maoni ya mwalimu. Leo uzi umekatika, kesho gurudumu limekwama, na kila kukicha Grisi huyo mlangoni na kopo lake la mafuta. Mwalimu aliona wivu. Ulikuwa wivu wa kumfanya mtu mzima anuse vikombe kutafuta harufu ya mafuta ya mashine. Mkewe alikuwa akicheka Grisi anapokuwepo. Mwalimu alikisikia kicheko kile akiwa bafuni, akajaribu kukumbuka ni lini yeye alikisababisha, akashindwa.

Kwa hiyo Grisi alipokuja na kuketi, mwalimu alikaa macho. Grisi aliangukia safu ya saba, ubavuni mwa mwalimu mwenyewe. Kati yake na mke wa mwalimu kulikuwa na sebule nzima. Mwalimu alishusha pumzi. Wangekuwa na lao jambo, aliwaza, wangekaa safu moja, au angalau wangepakana. Alimmiminia Grisi chai kwa mkono wake na kumsihi aje tena kesho. Usiku alikoroma. Mtu anaweza kufundisha jambo nusu ya umri wake, wivu ukaja ukalifuta kama chaki ubaoni.

Jumatano alikuwa darasani na kidato cha pili.

“Sodiamu iko safu gani?”

“Ya kwanza.”

“Klorini?”

“Ya saba.”

“Je, ziko karibu?”

“Ziko mbali, mwalimu. Ndiyo maana zinaungana,” alijibu msichana wa dawati la mbele. “Moja ina ziada, nyingine ina upungufu.”

“Na agoni, inayopakana na klorini?”

“Hiyo haiungani na mtu. Imetosheka.”

Swali hilo alikuwa akiliuliza kila mwaka. Aliwapa zoezi, akaiweka chaki mfukoni mwa shati, akaenda nyumbani kwa miguu huku jasho likimtoka.

Aliwakuta kila mmoja kitini pake, mkewe dirishani, Grisi karibu na mlango. Hawakuwa wameshikana mikono. Mkewe alikuwa akiongea, na punje ndogo yenye mwanga ilikuwa imetoka begani mwake na kufika juu ya ndoo, nusu ya safari.

“Macho yananiacha, Grisi. Tundu la sindano silioni, napapasa tu. Cherehani haina ubovu wowote. Ni mimi.”

“Najua, shemeji. Ndiyo maana kila nikiondoka nakuachia uzi umeshatungwa.”

“Mwalimu nilimwambia. Akasema pole.”

Mwalimu alikumbuka. Alikuwa akisahihisha madaftari, na pole ile aliitoa bila kuinua kichwa. Sasa aliumia kuliko ambavyo angeumia kama angewakuta wamekumbatiana. Aliuonea wivu ugonjwa wa mkewe, kwa kuwa mtu mwingine alikuwa ameufahamu kabla yake.

“Grisi, toka nje,” alisema.

Grisi alitoka, akasimama kibarazani. Punje ilirudi begani kwa mwenyewe ikawa inatetemeka. Mwalimu alikiinua kiti chake, akakibeba hadi dirishani, akaketi kando ya mkewe. Hakuwa hata ameegemea vizuri alipojikuta tena kwenye ukuta wa kulia.

“Kaa kwako, kaka,” dada yake, aliyekuwa kitini pake muda wote, alisema nyuma yake. “Utaumia kiuno.”

Mkewe aliinuka. Aliitwaa ile punje begani, akavuka sebule, akasimama mbele ya mumewe na kiganja wazi.

“Nilitaka kukupa wewe kwanza,” alisema. “Nyoosha mkono.”

Alinyoosha. Punje ilizunguka kiganjani mwake, ikatafuta pa kuingia, ikakosa, ikadondoka. Mkewe aliinama akaipapasa sakafuni mpaka akaipata.

“Mwalimu, niambie kitu kimoja tu unachopungukiwa. Hata kidogo.”

Alijipekua moyoni kama mtu aliyepoteza funguo. Alitaka kusema kicheko. Alitaka kusema wewe.

“Mimi sina shida,” alijibu.

Mkewe alitikisa kichwa polepole, akarudi dirishani. Alilamba ncha ya uzi, akailenga sindano, akakosa. Akalenga tena, akakosa. Mwalimu aliyaona yote hayo vizuri sana, maana macho yake yeye yalikuwa mazima. Aliwaonea wivu mkewe, Grisi na kila kiumbe mwenye pengo, wivu wa kumkausha mate.

“Grisi,” mkewe aliita, “njoo unitungie uzi.”

Grisi aliingia. Mlango ulikuwa mwembamba, kwa hiyo mwalimu alikunja miguu ili apite.