Kinasa Alichokisuka Marjukka

Gitaa la Marjukka Haukkala lilinunuliwa kwenye duka lile kubwa nje ya mji wa Lahti, kwenye safu iliyo karibu na mashine za kukatia nyasi. Lilikuwa jekundu, jepesi, na lilipochomekwa kwenye spika lilipiga mluzi kama birika lililosahauliwa jikoni. Marjukka alikuwa na miaka arobaini na minane wakati huo, na kazi yake ilikuwa kupokea wagonjwa kwa daktari wa meno. Hakuwahi kushika gitaa maishani. Alilinunua tu kwa sababu alilitaka, akaliegemeza kwenye ukuta wa sebule mahali ambapo kila mgeni aliliona.

Mumewe, Pentti, alitamani liwekwe kabatini.

Ujanani Pentti alikuwa mpiga gitaa, na watu wa rika lake mjini walimkumbuka. Siku hizi alifunga madirisha kwenye majengo mapya, lakini kila Jumamosi aliwasha sauna, chumba cha kuogea mvuke wa mawe ya moto, nyuma ya nyumba, na wenzake wawili wa ile bendi ya zamani, Raimo na Tapio, walikuja na bia na soseji kukaa na kukumbushana. Jumamosi ya kwanza baada ya gitaa kuingia nyumbani, walilipita sebuleni bila kusema kitu. Wakangoja mpaka wamekaa uchi kwenye benchi, mvuke umepanda.

"Bwana Pentti," Tapio alianza, "lile dude jekundu ukiliwasha linakata na majani?"

Raimo akacheka mpaka akakohoa. "Mwache shemeji. Si ajabu linachemsha na chai. Nimeusikia mluzi wake tangu getini."

Pentti alihisi uso unamchoma, na si kwa joto la mawe. Angeweza kusema, mke wangu anajifunza, mwacheni. Badala yake alimwaga kata moja ya maji juu ya mawe na kusema, "Na nyinyi mnasikia Jumamosi tu. Mimi naishi nalo. Paka wa jirani kahama mtaa."

Walicheka wote watatu, na yeye ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa zaidi. Marjukka alikuwa nje ya mlango wa ubao, mikononi ana taulo safi alizokuja kuwaletea. Aliziweka juu ya ndoo na kurudi ndani taratibu. Pentti alizikuta taulo pale alipotoka. Hakujiuliza zimefikaje.

Baada ya hapo Marjukka akaanza kwenda kwenye masomo ya jioni ya watu wazima kila Jumatano. Alimwambia Pentti ni darasa la ufundi wa mikono, na Pentti akadhani ni mambo ya kufuma soksi. Alirudi na vidole vimechubuka, akala supu yake, akalala. Gitaa alilipiga wakati Pentti yuko kazini.

Mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado imejaa uani, mama yake Marjukka alivunjika nyonga huko Oulu. Marjukka akafunga mkoba akaenda kumuuguza wiki nzima. Na Pentti, aliyebaki peke yake na lile gitaa ukutani, akapata wazo ambalo yeye mwenyewe aliliita zuri. Atalitengeneza. Gitaa la bei rahisi si lazima libaki la rahisi; ukilipa vyuma vizuri na kulilehemu upya linaweza kuimba kama la watu. Aliagiza vipuri. Moyoni alijiambia kwamba ni zawadi kwa mkewe. Lakini alipokuwa akifungua sanduku la vipuri, picha iliyomjia haikuwa ya uso wa Marjukka. Ilikuwa ya Raimo na Tapio wamekaa sebuleni, wamenyamaza, wanasikiliza.

Alifanya kazi kwenye meza ya jikoni. Alitoa nyuzi, akasawazisha vile vyuma vya shingoni kimoja kimoja mpaka kidole kikapita bila kukwaruzwa. Aliondoa vifunguo vya kukazia nyuzi, vilivyokuwa vinalegea, akaweka vya chuma kizito. Kidaraja cha plastiki cha juu, kinachoshikilia nyuzi mwisho wa shingo, alikibadilisha kwa cha mfupa, akakipiga tupa kwa subira. Alikuwa na mkono mzuri, hilo hakuna wa kumnyima.

Kisha akafungua bamba la mbele ili atoe kinasa, kile kipande cha sumaku na waya kilicho chini ya nyuzi, ambacho ndicho kinachobeba sauti kwenda kwenye spika. Alitoa kicheko peke yake jikoni. Kitu gani hiki? Waya mwembamba umezungushwa bila mpangilio, umevimba upande mmoja. Juu yake utepe mweusi. Nta imemwagika pembeni kama ya mshumaa, na mahali pa kulehemu pana donge kubwa, halafu limepakwa rangi ya kijani inayong'aa, kama ya kucha.

Alikipiga picha kwa simu na kuituma kwenye kundi lao la bendi. "Waungwana, tazameni kilichokuwa kinapiga mluzi."

"Kiwandani kwao walikuwa wamelewa," Raimo alijibu.

"Hiyo imetengenezwa na mtu aliyefungwa macho," Tapio akaandika. "Mpe pole shemeji."

"Machozi yananitoka," Pentti akaandika.

Alikitupa kile kinasa kwenye boksi la takataka za umeme, akaweka kipya cha dukani, na Ijumaa alipokwenda kazini alilipitisha lile boksi kwenye kituo cha taka.

Marjukka alirudi Jumapili mchana, amechoka, macho yamevimba kwa kukesha hospitalini. Pentti hakumwacha hata avue viatu. Alimshika bega na kumpeleka sebuleni.

"Lipige," alisema. "Lipige kwanza, ndipo useme."

Marjukka alikaa akalipakata. Alipiga mapigo machache. Sauti ilitoka safi, nene, bila mluzi. Akasimamisha nyuzi kwa kiganja.

"Linaimba vizuri," alisema.

"Si nilikuambia! Shingo nayo umeisikia?"

"Nimeisikia. Umeifanyia kazi nzuri." Akaligeuza gitaa, akalitazama bamba. "Pentti, kile kinasa changu umekiweka wapi?"

"Kile kibovu? Nimekitupa. Kilikuwa uchafu mtupu, mke wangu, hata sijui waliwezaje kuuza kitu cha..."

"Hawakukiuza. Nilikisuka mimi."

Pentti alilitazama lile bamba upya.

"Tangu mwezi wa kumi," Marjukka aliendelea, sauti yake iko chini. "Kila Jumatano. Cha kwanza waya ulikatika. Cha pili ukakatika. Hicho ndicho kilichokubali. Kilikuwa bado kinapiga mluzi kidogo, lakini mwalimu alisema nikikizamisha tena kwenye nta utaisha. Ulikitupa wapi?"

"Kwenye kituo cha taka."

"Basi," alisema Marjukka, akaenda kuvua viatu.

Asubuhi Pentti alichelewa kazini kwa makusudi, akaenda kituoni. Kontena la vifaa vya umeme lilikuwa tupu, limefagiwa. Mhudumu wa pale, mwanamke aliyevaa koti la njano, alimuuliza amepoteza nini.

"Kitu kidogo cha mke wangu," Pentti alisema.

"Pete?"

"Hapana. Si pete." Aliingia kwenye gari, akakaa bila kuliwasha mpaka vioo vikajaa ukungu.

Jambo la picha hakulisema. Alijiambia atalisema kesho, na kesho ilipofika akajiambia mama mkwe ni mgonjwa, si wakati wake. Jumatano ikafika hajasema. Mke wa Raimo, Tuulikki, alikuwa kwenye darasa lilelile na benchi lilelile. Ndiye aliyemwazima Marjukka rangi ya kucha ya kijani. Aliiona picha kwenye simu ya mumewe, akaitambua hapohapo, akamwonyesha Marjukka mazungumzo yote.

Marjukka aliporudi jioni ile hakupandisha sauti. Alisimama mlangoni mwa jikoni, koti bado mwilini.

"Nimesoma yote," alisema. "Tuulikki alilia kuliko mimi. Na wewe, machozi yalikutoka kweli, au uliandika tu?"

"Marjukka, sikujua ni chako."

"Hukujua. Lakini gitaa ulijua ni la nani." Akafungua vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine. "Na siku ya zile taulo je? Siku ya paka? Nilikuwa mlangoni, Pentti. Nilikwenda kwenye lile darasa ili mluzi uishe. Nilitaka uache kuniona kama kichekesho."

Pentti alitazama meza. Alitafuta neno, na kila alilolipata lilikuwa la kujitetea.

Jumamosi aliwasha sauna kama kawaida. Raimo alikuja ameinamisha kichwa. Kwake nyumbani palikuwa hapakaliki. Tapio peke yake ndiye aliyejaribu kuchangamka.

"Sasa ndugu zangu, msinunie. Ulikuwa utani tu."

"Haukuwa utani," Pentti alisema. "Na safari hii niliuanzisha mimi. Mke wangu alisuka kile kitu kwa mikono yake, mimi nikakileta kwenu mkicheke, kisha nikakitupa. Hajawahi kunidharau hata siku moja, hata zile siku tulipokuwa tunapiga mbele ya watu wanne tu."

Raimo alikuwa akitazama miguu yake. Waliondoka mapema na soseji zikabaki kwenye karatasi.

Mwishoni mwa masomo, mwezi wa tano, darasa lilipanga kazi zake kwenye ukumbi mdogo ili watu waje kutazama na kusikiliza. Marjukka hakuwa na cha kupiga. Vyuma vya shingoni na vifunguo alivyovitengeneza Pentti alivibakiza, akisema ni vizuri na hatajifanya si vizuri, lakini kinasa cha dukani alikitoa. Gitaa alililaza mezani na tundu lake wazi. Pentti alisimama kando, amevaa shati lililopigwa pasi, kwa sababu Marjukka alimwambia, "Ukitaka, njoo."

Bibi mmoja mwenye mkongojo alisimama mbele ya meza, akachungulia tundu.

"Hapa palikuwa na nini, mama?"

Marjukka alimgeukia mumewe, akamtazama tu.

"Palikuwa na kinasa," Pentti alisema. "Alikisuka yeye. Nilikitupa."

"Ee! Kwa nini sasa, mwanangu?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

Watu wawili watatu waliokuwa karibu walikuwa wamegeuka. Pentti alitaka kusema, aibu ya gitaa. Haikuwa kweli. Alitaka kusema, ya marafiki zangu. Hiyo nayo haikutosha.

"Ya kitu ambacho hakikuwa cha kuonea aibu," alisema hatimaye, na masikio yakamwaka mpaka shingoni. Bibi alitikisa kichwa polepole, akasogea meza ya pili. Marjukka alivuta kiti na kukaa. Mkoba wake uliokuwa kwenye kiti cha pili aliuondoa, na baada ya muda Pentti akakaa hapo.

Majira ya joto yalipita. Vuli ilipofika darasa lilifunguliwa tena, na Marjukka akasuka kinasa kingine. Hakuomba msaada na Pentti hakuutoa, ingawa mara nyingi mikono ilimwasha. Mwezi wa kumi na moja wanafunzi walipiga kwenye ukumbi uleule, safari hii watu wamejaa hadi mlangoni. Pentti alipata kiti cha nyuma.

Marjukka alipanda na gitaa jekundu, akapiga wimbo wa dansi wa polepole ambao kila mtu pale aliujua tangu utotoni. Katikati alikosea, akarudia. Na chini ya wimbo, mbali kidogo, mluzi mwembamba ulisikika.

Mwanamume aliyekaa mbele ya Pentti alimwinamia mwenzake, akanong'ona, na mabega yao yakatikisika kwa kicheko. Damu ilimpanda Pentti kichwani. Alinyoosha mkono ili amguse yule mtu begani. Akaurudisha magotini. Hakuwa na haki ya kumkemea mtu kwa hilo, na alilijua vizuri kuliko yeyote mle ukumbini. Alikaa na joto lile usoni, akasikiliza wimbo mpaka mwisho, na mluzi wake wote.