Damu Nyingi ni Kiasi Gani

Katika mtihani ule wa mdomo, swali alilolijali Bathsheba lilikuwa moja: mama akijifungua akatokwa na damu nyingi, mkunga afanye nini? Wakunga wa vijijini aliowafunza Homa Bay mwaka wa tisini na sita walijibu bila kusita kwamba apelekwe hospitali mara moja. Bathsheba, nesi aliyejiamini kupita kiasi, akawapa alama zote na kulifunga somo. Ya nini kurudia jambo wanalolijua?

Mwezi uliofuata mdogo wake, Gesare, alijifungulia nyumbani Karungu, akafa asubuhi hiyohiyo. Mtoto alipona. Mkunga alikuwa Mama Mirumbe, aliyeongoza darasa zima.

Baada ya mazishi Bathsheba alimwendea akiwa na hasira ya kuua. Alimkuta jikoni, hajawasha hata moto.

"Nilikufunza mimi mwenyewe," Bathsheba alisema. "Damu ikiwa nyingi, hospitali. Na ulijibu vizuri."

"Ndiyo, Sista. Lakini haikuwa nyingi." Mama Mirumbe alifuta macho. "Ililowesha leso tatu tu za kujifunga. Mama yangu alinifunza, nyingi ni ile inatoka kwa kitanda inafika mlango. Hii nilijua itakauka."

Hakuwa akijitetea. Alikuwa anajibu swali, kwa uaminifu uleule wa siku ya mtihani. Bathsheba akaketi chini kando yake, wakalia pamoja.

Kozi iliyofuata aliitupa ratiba ya zamani. Siku ya kwanza, kabla ya kufundisha lolote, alitandika leso mezani, akatia rangi nyekundu ya keki kwenye jagi la maji, akawaomba wakunga wapya wanyooshe mkono pale damu itakapokuwa nyingi. Akamwaga. Leso ya kwanza ikalowa chepechepe, wakamtazama tu. Akatandika ya pili. Yeye hapo angekuwa ameshaita gari, lakini hakuna aliyenyoosha mkono. Akatandika ya tatu, maji yakaanza kudondoka sakafuni, na wanawake wale wema wakaendelea kungoja kwa adabu.

"Bado, Sista," mmoja akamwambia. "Endelea."

Bathsheba aliweka jagi chini. Machozi yalimtiririka na hakujisumbua kuyaficha.

"Mdogo wangu," akawaambia, "hapa alishakufa."