Kompyuta Inayokoroma

Kompyuta ya Karani ilikuwa na kelele kuliko mashine ya kusaga, na mwenyewe aliipenda hivyo hivyo. Karani haoni. Kazi yake ni kusikiliza mikutano iliyorekodiwa na kuichapa neno kwa neno, huku sauti ya ndani ya kompyuta ikimsomea kila anachoandika kwa lafudhi ya mgeni aliyeshuka jana. Feni ikianza kuhema, alijua mashine inaelemewa, akahifadhi kazi haraka. Diski ikikoroma, alijua faili linafunguka. Ikinyamaza ghafla, alijua imeganda, na hapo aliitukana kwa heshima zote za mtu mzima.

Tatizo ni kwamba siku hizi ilikuwa inaganda kupita kiasi. Alishachelewesha kazi zaidi ya mara moja, na bosi wa ofisi inayomletea rekodi alimwambia bila kumung'unya maneno: akichelewa tena, kazi anapewa mwingine. Karani aliogopa. Kazi hiyo ndiyo iliyofanya watu wamwite Karani badala ya yule kipofu, na hakuwa tayari kurudi kukaa sebuleni akiulizwa kama ameshakula.

Binti yake, anayeuza kwenye duka la dawa, aliazima kompyuta mpya kazini kwao akaja kuitua mezani.

"Jaribu hii, Baba. Ukiipenda tunatafuta kama hii, lile dude tunalipumzisha."

"Dude hilo limekusomesha."

"Ndiyo maana limechoka. Bonyeza."

Karani akabonyeza, akangoja. Kimya. Akabonyeza tena, kwa nguvu kidogo. Kimya. Akabonyeza mara ya tatu, akakunja mikono kifuani.

"Wamekuazima boksi tupu."

Alisikia kicheko kilichozibwa kwa kiganja. "Baba, unaiwasha halafu unaizima. Ilishawaka."

"Ingewaka ningesikia."

"Haina kelele."

"Sasa nitajuaje kama iko hai?"

Binti akavuta kiti cha pili, kitufe kikabonyezwa, halafu pakatulia kwa muda mrefu kuliko kawaida ya mtoto yule, ambaye tangu azaliwe hajui kunyamaza.

"Umefumba macho?" Karani akauliza.

"Nimefumba."

"Enhe."

"Inatisha, Baba. Sijui nianze au ningoje." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nilidhani ni ubishi wako tu."

"Ubishi pia umo," Karani akasema, na moyo wake ukalainika.

Basi ile mpya ikarudishwa, akaitwa fundi. Alifungua lile dude, akapuliza vumbi, akapiga chafya mpaka wote wakacheka, kisha akasema mashine bado ina mgongo: aiongezee memori, abadilishe diski, itakimbia.

"Na feni?" fundi akauliza.

"Ukiigusa tutagombana," Karani akasema.

"Naisafisha tu, mzee. Lakini nisikufiche: diski za sasa hazikoromi. Mkoromo utausahau."

Karani akaweka kiganja juu ya boksi. Lilikuwa bado na joto. Diski ile ilikuwa ikimwongoza kazini kila siku, na bila mkoromo wake alijiona kama mtu anayekaribia kunyang'anywa fimbo. Akakumbuka macho yalipomwacha, jinsi alivyojifunza upya nyumba hii yote kwa nyayo, akijigonga kila kona na kuilaani, hadi ikawa yake tena. Hilo aliliweza.

"Toa," akamwambia fundi.

Kazi ilipokwisha, Karani akabonyeza. Feni ikavuma, laini kidogo kuliko zamani, lakini ni yeye yule. Mkoromo haukuja. Kwa mazoea akainuka kwenda jikoni kuinjika chai, maana siku zote mashine ile haikuamka kabla birika halijachemka. Hakuwa hata amefika mlangoni alipoitwa na sauti ya yule mgeni aliyeshuka jana.

"Karibu. Ingiza nenosiri."

Akasimama. "Imeshaamka?"

"Imeshaamka, Baba."

Karani akarudi mezani, hatua zake nyepesi, akapapasa hedifoni zake akazivaa.

"Chai pika wewe," akasema. "Mimi nina kazi."