Barua ya Sidi

Saa mbili asubuhi Sidi alikuwa ameshapiga deki chumba cha kujifungulia mara mbili, na fomu ya chuo ilikuwa bado imekunjwa mfukoni mwa aproni yake. Siku ya mwisho ilikuwa ndiyo hiyo. Saa kumi alasiri ofisi ya chuo kule Mbaraki ingefunga dirisha.

Chuo kilikuwa kimefungua njia ya kusomea ukunga kwa watu wasiosomea uuguzi. Alama za kidato cha nne alikuwa nazo. Kilichobaki ni barua ya mkuu wa wodi kuthibitisha kwamba mwombaji amewahi kuwasaidia akina mama kujifungua. Sijui aliyeitunga fomu alidhani mtu asiye muuguzi uzoefu huo ataupata wapi, sokoni? Miaka saba Sidi alikuwa akifagia zahanati hiyo ya Mji wa Kale, na kila wauguzi walipozidiwa aliitwa aache ufagio, anawe mikono.

"Siwezi, Sidi," alisema Sista Truphosa, mkuu wa wodi, bila kuinua macho. "Mfagizi haruhusiwi kumgusa mzazi. Nikiandika ulisaidia, nimejishtaki mwenyewe."

"Lakini sista, si wewe unayeniita?"

"Najua."

Neno hilo lilimuuma Sidi kuliko tusi.

Saa saba akaletwa Nabiha wa Kibokoni, mimba ya kwanza, chupa imeshapasuka. Sista alikuwa peke yake, anahangaika na mama mwingine anayevuja damu.

"Sidi! Njoo!"

Akanawa, akavaa glavu. "Usisukume bado, dadangu. Hema. Haya, sasa!" Mtoto wa kike akatoka na kitovu kimemzunguka shingoni. Sidi akakitoa taratibu, akamfuta, akamlaza kifuani pa mamake. Mtoto akalia. Sidi naye akalia, wala hakuona haya.

Baadaye Sista akafungua kitabu cha uzazi. Kitabu hicho hakifutwi wala hakichanwi ukurasa. Wakaguzi hukipitia mstari kwa mstari. Penye jina la mzalishaji akaandika: Truphosa.

Mamake Nabiha akaingia na leso mpya, pea nzima, zawadi ya mkunga. "Yuwapi aliyempokea mjukuu wangu?"

Sista akainamia kitabu. Nabiha akamwonyesha Sidi, aliyekuwa ameinama na tambara la deki. "Ni huyo, mama."

"Mungu akubariki, mwanangu." Bibi akamvika leso mabegani, juu ya aproni.

Ilikuwa saa tisa na nusu, na barua hakuna. Sista alipokwenda kunawa, Sidi akashika kalamu. Kando ya jina la Truphosa akaandika polepole, kwa herufi kubwa: NA SIDI KENGA, MFAGIZI.

Sista akarudi, akasoma, akashika kichwa. "Sidi wee! Wakaguzi wakija tutafukuzwa sote!"

"Najua," alisema Sidi, fomu bado mfukoni, akachukua ndoo. Damu ya Nabiha ilikuwa bado iko sakafuni, na kuisafisha hiyo hakuna aliyewahi kumkataza.