Mama Marcelline Aenda Madukani Kasino

Kwa desturi ya kwao, Hénock hakutakiwa kumtazama mama mkwe wake usoni, wala kula mbele yake, wala kumsemesha moja kwa moja. Kila neno lilipitia kwa Shekinah, mkewe, hata kama wote watatu walikuwa wamebanana kwenye chumba kimoja. Hiyo ndiyo heshima, na Hénock aliipenda mno wiki zile, maana mtu asiyeruhusiwa kukutazama usoni hawezi kukuuliza kodi ya nyumba ilikwenda wapi.

Kodi ilikuwa imeyeyuka mara mbili. Mara zote mbili Hénock, fundi wa mapazia kwenye mtaa wa Doornfontein, alirudi nyumbani mikono mitupu na kusingizia vibaka wa mtaa wa Hillbrow. Vibaka wale, masikini, walibebeshwa mengi mwaka huo. Shekinah alijifungua, kisha akampigia mama yake simu Lubumbashi. Mama Marcelline akaja, eti likizo. Ukweli wa safari hiyo Shekinah alimwambia mumewe bila kupepesa macho: mama ndiye angeamua. Akisema wabaki, yeye na mtoto wangebaki. Akisema waondoke, wangeondoka.

Siku mbili kabla ya kurudi, mama akataka kupelekwa madukani. Hénock, kupitia mkewe, akapendekeza soko la Newtown, kuna vinyago na shanga. Mama akasema vinyago wanavyo kwao. Akapendekeza maduka ya Wachina, mashuka ni ya bei poa. Mama akasema Wachina hao hao wako Lubumbashi na mashuka hayo hayo.

"Umwambie anipeleke kule kasino," akamwambia binti yake. "Kule maduka yako ndani, na juu wamechora mawingu. Jirani yangu alifika kule, mpaka leo anatusumbua na picha zake."

Kule ndiko Hénock hakutaka kuonekana naye. Lakini angemkataliaje mama mkwe, na kwa sababu gani?

Shekinah alibaki na kichanga, kwa hiyo mpitisha maneno hakuwepo. Ndani ya teksi mama akamgeukia dereva, Mzulu asiyejua Kiswahili hata cha salamu. "Chauffeur, umwambie mukwe afunge dirisha, baridi inaniua." Dereva akajibu, "Sharp, mama," yaani sawa tu, bila kuelewa kitu, na Hénock akafunga dirisha. Wakaenda hivyo, na heshima haikupata hata mkwaruzo.

Ndani ya jumba lile mbingu ilikuwa ya buluu kwelikweli, ingawa saa ile nje kulikuwa na mvua. Maduka yalipangwa kwenye vichochoro vya mawe bandia: saa, viatu, manukato, mikoba ambayo bei yake ingelisha ukoo. Mama Marcelline alifuata nyuma kwa hatua kadhaa, kama itakiwavyo, akitazama kila kitu na kugusa nusu yake. Hénock alichagua vichochoro vilivyokuwa mbali na ukumbi wa mashine za kamari. Hata hivyo milio yake ilimfikia, na vidole vikaanza kuchezacheza mfukoni. Alivionea aibu vidole vyake mwenyewe.

Mlinzi mmoja akamwona kwa mbali. "Eish, Hénock! Leo umewahi!" akapaza sauti kwa Kiingereza.

Hénock akasema na hewa iliyokuwa mbele yake, kwa sauti ya kufika nyuma: "Yule ni mteja wa mapazia."

Mfagiaji akaacha ufagio kuja kumkumbatia. Naye mteja wa mapazia. Mwanamke wa kupitisha vinywaji akamgonga bega na kumuuliza mbona siku hizi haonekani. Mteja. Mama Marcelline hakujua Kiingereza, ila jina la mkwe wake alilijua, na alikuwa ameona vizuri wote watatu wamevaa sare za kasino. Akaingia duka la masanduku ya safari na kumwonyesha msichana wa pale lile kubwa kuliko yote, akalinunua.

Sanduku kubwa ni la mtu aliyefurahia likizo, Hénock alijiambia, na mtu aliyefurahi hatafuti ugomvi.

Kwenye mkahawa alimwekea mama kiti, yeye akaenda kukaa meza ya pili na kumpa mgongo. Chakula kilipoletwa, mama akainuka na sahani zake mbili, akaja kuketi mbele yake. Akamtazama usoni. Ndipo Hénock alipoona, kwa mara ya kwanza tangu aoe, kwamba Shekinah alichukua macho ya mama yake.

"Hénock," akasema. "Kula na miye."

Hénock alishasikia habari za mama wakwe ambao, wakiridhika na mkwe, humkaribisha chakula kwa mkono wao, na kuanzia hapo kufichana huisha. Basi yamekwisha, watabaki! Akaapa kimoyomoyo kutokanyaga tena ukumbi ule, na kwa dakika ile aliapa kweli.

"Merci, mama," akasema, kichwa bado chini. "Lakini nasikia haya kula mbele ya mama mukwe."

"Kusikia haya ni kwa mukwe," akajibu Mama Marcelline, bila hasira yoyote. "Hili sanduku ni la Shekinah na mutoto. Naenda nao. Wewe sasa ni mutu tu kama batu bengine, naweza kukuangalia." Akamsogezea sahani ya samaki. "Kula, baba. Iko inapoa."