Saa Yangu ya Alhamisi

...na bado anaongea, huyu mwalimu wetu Dilfuza, kashika upande wake wa kioo cha ukumbi nami nimeshika wangu, kioo chenyewe kizito kama mlango wa chuma, badala ya kusema tukilaze chini anasema ukumbi ndio unafungwa, shoga zangu, mazoezi hayafungwi, kuanzia wiki ijayo nitawafundisha kwenye simu, mmoja mmoja, mkiwa nyumbani kwa raha zenu... raha zenu, eti, yeye mumewe alimpangia ghorofa ya nne, wawili tu, atajua nini kuhusu kufagia ua wa watu tisa kabla jua halijatoka, miaka mitatu kasimama mbele ya wanawake akihesabu moja mbili tatu na hajajua tulikuwa tunafuata nini, anadhani tunafuata kupunguza matumbo, Mavluda yule anayekunja mikeka alikuwa anakuja kulala, ndiyo, dakika kumi za mwisho tukilala chali yeye alikuwa anakoroma, nasi tulitoka kwa ncha za vidole tusimwamshe, Dilfuza akaona ni adabu ya mazoezi... “Robiya, unanisikia? Nitakuona kwenye kamera, goti likikaa vibaya nakwambia hapo hapo,” “Nasikia, dada,” nasikia, utaona goti, na nyuma ya goti utamwona baba mkwe anapita na birika, utamwona shemeji yangu mlangoni anatema maganda ya alizeti, anasema haya ruka tena, kuku wetu, na mama mkwe naye anadakia, kama una nguvu za kuruka, ng'ombe hajakamuliwa... “Dada Dilfuza,” Mavluda huyo, “kwetu simu anashika mama mkwe, labda umfundishe yeye kuchuchumaa!” wanawake wanacheka mpaka wanakaa chini, na Dilfuza naye anacheka, masikini, “Basi ajiunge naye, nitawapunguzia bei!” jamani, kichwa kile kinafaa kufugia nywele tu... “Robiya, nikuandike Alhamisi, kama kawaida?” kawaida yangu ni saa kumi jioni, kuvuka mtaro, kupita kwa wafuma hariri, mikono mitupu, bila mtoto, bila kikapu, hakuna anayeniita, hiyo ndiyo kawaida, na yeye anataka kuichukua akairudishe ndani ya ua ule ule, aiite mazoezi, na mwenyewe anajua niliipataje, si ndiye aliyeniandikia cheti, daktari anaagiza mazoezi ya mgongo baada ya kujifungua, kwenye karatasi ya daftari, kwa kalamu ya kijani, akicheka kama mtoto, nikampelekea mama mkwe, mwanamke niliyemwona siku zote kama kufuli, akakisoma polepole, akakikunja, akamwambia baba mkwe, “Daktari ameagiza, nani atabishana na daktari?” nami moyoni nikasema mjinga huyu, kadanganywa na karatasi isiyo hata na muhuri... isiyo na muhuri... lakini mama mkwe alikaa miaka ishirini na sita mapokezi ya zahanati, kazi yake mihuri, juzi tu karatasi ya chanjo ya mtoto aliirudisha kwa sababu muhuri ulififia pembeni, yule atapokea cheti cha kalamu ya kijani?... alijua, siku ile ile alijua, miezi kumi na minne anajua, na kila Alhamisi robo saa kabla ya saa kumi anamchukua mtoto mikononi mwangu sijamwomba, “Ondoka basi, unasimama kama nguzo!” kwa kukaripia vile vile, na unga anaukanda mwenyewe na vidole vyake vilivyovimba viungo, nikirudi nakuta mikate imeshatoka tanurini, nami nabinua mdomo, nasema anataka majirani waone mkamwana wake mvivu... mdomo wangu huu, niliubinua kwa nani... “Robiya, mikono inanikatika, nikuandike nisikuandike?” ngoja, dada, ngoja kidogo, saa yenyewe haikuwa yako hata uifunge, kioo bado kiko hewani, naona humo mashavu yangu yamewaka, na namwona mwingine, mama mkwe mwenyewe alipokuwa mkamwana wa miaka ishirini katika ua ule ule, chini ya mkwewe, yule bibi ambaye hata kwenye picha ukutani anakaripia, wakati huo hapakuwa na ukumbi, hapakuwa na wa kumwandikia cheti, yeye alikuwa anakwenda wapi, sijawahi kumuuliza, alikuwa anakwenda wapi, na mtoto alimwachia nani...